Maoni Yetu: Banda Kwanza, Kifaranga Baadaye

Katika zoni ya afya ya Mabalako, eneo la Beni mashariki mwa Kongo, kuanzia Mangina hadi vijiji vya ndani ya mashamba ya kakao, kuku wengi hawafi kwa kisu cha mwenyewe. Wanaliwa usiku na wanyama wa pori, vifaranga wananyakuliwa mchana na mwewe, ugonjwa wa mdondo ukipita unafagia waliobaki, na mwizi naye hakosi sehemu yake. Tumeizoea hasara hii kiasi cha kuiita amri ya Mungu. Sisi hatukubali. Dawa yake ipo, ni ya miti na misumari, inajengwa mchana na kufungwa kabla jua halijazama, na hakuna nyumba isiyoweza kuwa nayo kabla ya mavuno yajayo ya kakao.

Tuanze na mwenye mali. Kwetu mbuzi ni wa mahari, na maneno yake yanakatwa na wanaume. Kakao inapimwa kwenye mzani wa mnunuzi, na faranga zake zina wenyewe wengi kabla hazijafika nyumbani. Kuku ni wa mama. Mayai yanageuka chumvi na sabuni, jogoo anageuka daftari na minervali ya mtoto, na mgeni akiingia ghafla heshima ya nyumba inaokolewa na kuku huyo huyo. Tangu mauaji yaanze kuandama eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, kuku ameongezewa kazi nyingine. Familia inapokimbilia Beni au Butembo, mbuzi ni mzigo na shamba halibebeki, lakini kuku watatu waliofungwa miguu wananing'inia kwenye usukani wa pikipiki. Siku ya kurudi, wengi wanaanza maisha upya kwa hao watatu. Anayepoteza kuku sita kwa usiku mmoja, baada ya kukimbia mara mbili au tatu, amepoteza mtaji wake wote. Ndiyo maana leo tunawapa kuku ukurasa huu.

Vita vimeongeza tatizo kwa njia nyingine isiyosemwa sana. Shamba likiachwa bila jembe, magugu yanapanda, vichaka vinasogea, na pori linafika hadi ukuta wa jikoni. Mnyama aliyekuwa akikaa mbali sasa anazaa nyuma ya choo. Kakao nayo ina kivuli na majani makavu mengi chini, na panya wanapenda kujificha humo. Palipo na panya, anayewala panya hufuata. Kwa hiyo wale wanaokuja kula kuku wetu hawakutumwa na mtu. Wamefuata chakula na maficho.

Kabla ya kumlaumu yeyote, asubuhi soma alama. Kanu, yule paka wa pori mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete nyeusi na nyeupe, hupita kwenye tundu ambalo ungeapa halipitishi kitu. Huuma shingo, hula kichwa na kifua, na akijikuta ndani ya banda lenye kuku wanaorukaruka kwa hofu, huua kuliko anavyoweza kula. Utawakuta wanne wamelala bila vichwa, damu kidogo tu, manyoya yamerundikana kona moja. Fungo ni mzito zaidi na hutembea chini. Yeye humkamata kuku aliyelala ardhini au juu ya kuni zilizopangwa, kisha humburuta, na mstari wa manyoya utakuelekeza kichakani. Nguchiro huja mchana kweupe, akitafuta mayai na vifaranga. Panya humvuta kifaranga hadi shimoni, na mara nyingine bawa hukwama mdomoni mwa shimo.

Nyoka ni mgumu kumtambua. Kuku bado yuko juu ya kiota, mayai hayapo, na huoni hata kipande cha ganda. Au unamkuta kuku mzima amekufa, kichwa na shingo vimelowa mate, kwa sababu nyoka alijaribu kummeza akashindwa akamtema. Siafu ndio wakatili kuliko wote, kwa kuwa wanamkuta kuku anayeatamia, naye hakubali kuacha mayai yake. Asubuhi kuna mifupa na manyoya juu ya kiota. Mbwa wa jirani hurarua bila kula, na mizoga imetapakaa uani. Pale ambapo hakuna manyoya, wala damu, wala mstari, na mlango umefunguliwa vizuri na kurudishwa, huyo aliyekuja ana miguu miwili.

Tunayaeleza haya kwa urefu kwa sababu tunajua kinachotokea alama zisiposomwa. Kuku wanne wakifa usiku mmoja bila vichwa, maneno yanaanza kabla ya chai: fulani ana wivu, yule bibi wa nyumba ya mwisho anatembea usiku. Mwanamke mzee anaweza kupoteza amani yake, na hata maisha yake, kwa kosa la mnyama wa kilo mbili mwenye mkia wa pete. Shefu wa kijiji anayeletewa kesi ya namna hiyo aagize kwanza kuonyeshwa mizoga. Akiona shingo zilizoumwa, kesi imekwisha, na kazi inayobaki ni kuziba matundu.

Shauri linalokuja haraka kwenye kila baraza ni kuua. Tegeni mitego, wekeni sumu, chomeni kichaka. Tutazame wenzetu waliojaribu njia hiyo kwa nguvu zote. Amerika Kaskazini kuna mnyama aitwaye koyoti, wa ukoo mmoja na mbwa na mbweha, anayekula kuku, paka na mbwa wadogo wa nyumbani. Serikali ya Marekani imemwinda kwa risasi, mitego na sumu kwa zaidi ya miaka 100, na hadi leo inaua makumi ya maelfu kila mwaka. Koyoti hakuisha. Alitoka kwenye nyika za magharibi akaenea hadi pwani ya mashariki, na kusini akafika Panama. Chicago, jiji la mamilioni ya watu, watafiti wanamfuatilia tangu mwaka 2000 na wamemkuta anazaa katikati ya barabara na majengo. Ukimwondoa mmoja aliyezoea sehemu fulani, nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Mwishowe wafugaji wa huko wamerudi kwenye jambo la zamani: banda imara, mlango unaofungwa jioni, paka analala ndani.

Kanu na fungo wa Mabalako watafanya vivyo hivyo. Zaidi ya hapo, wanatufanyia kazi. Chakula kikubwa cha kanu ni panya na wadudu. Panya hao hao ndio wanaotoboa maganda ya kakao na kuiba mahindi kwenye dari. Kijiji kinachomaliza kanu wake kitalipa kwa kakao, na kakao ni ghali kuliko kuku.

Kuhusu sumu hatutatafuta maneno laini: ni kosa. Yai lililotiwa dawa ya wadudu na kuwekwa kando ya banda linaliwa kwanza na mbwa wa nyumba, au linaokotwa na mtoto. Kenya iliona mwisho wa njia hii. Dawa ya mashambani iitwayo Furadan iliwekwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi wanaokula mifugo, ikaua na tumbusi kwa wingi, hadi mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ikaanza kuiondoa katika soko la nchi hiyo. Hapa kwetu kuna hatari nyingine ya karibu zaidi. Mnyama aliyekufa kwa sumu hana alama mwilini. Mpita njia anamkuta, anamwona ni nyama ya bure, anampeleka jikoni au sokoni.

Hakuna mahali duniani panapopaswa kuogopa nyama ya kuokota kama Mabalako. Mlipuko wa 10 wa Ebola nchini mwetu ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na Mangina ndiyo ilikuwa kitovu chake. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Kila nyumba inamkumbuka mtu. Hatusemi kwamba kanu aliyekufa karibu na banda ana Ebola. Tunasema kwamba mnyama aliyekutwa amekufa hashikwi kwa mikono mitupu, haingii chunguni, na hapewi mbwa. Watafiti waliowapima mbwa wa Gabon baada ya mlipuko wa 2001 na 2002 walikuta katika damu za baadhi yao alama kwamba virusi viliwapitia, ingawa mbwa hao hawakuonekana wagonjwa. Mzoga usukumwe kwa jembe, ufukiwe katika shimo refu, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Basi kama hatuui, tunafanya nini? Vitabu vya ufugaji kutoka ng'ambo vinamwambia mwenye kuku atoke na tochi, apige kelele, agonge sufuria ili mnyama akimbie. Hapa ushauri huo ni hatari. Sufuria na filimbi za usiku katika eneo la Beni ni kengele ya kushambuliwa. Kelele moja ya saa 8 usiku inaweza kuwaamsha watu wa kartye nzima na kuwakimbiza hadi barabarani na watoto mgongoni. Na mtu anayezunguka uani na tochi, katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, hajui nani anamwangalia gizani. Kule Kitengela, karibu na Nairobi, kijana Richard Turere alisifiwa dunia nzima kwa taa zake za kumetameta zinazowafukuza simba wasikaribie ng'ombe wa baba yake. Ni kazi nzuri kwa Kitengela. Kwa kijiji cha Mabalako kinachozima taa mapema ili kisionekane kwa mbali, haifai.

Kwa hiyo kazi yote ya kuwalinda kuku wetu lazima iwe imekwisha saa 12 jioni. Baada ya hapo mwenye kuku yuko ndani, mlango umefungwa, na asitoke kwa sababu ya jogoo. Banda ndilo litakalokesha kwa niaba yake.

Kwamba banda zuri linatosha si ndoto. Kaskazini mwa Tanzania, katika wilaya ya Simanjiro, Wamasai walikuwa wakipoteza ng'ombe na mbuzi kwa simba na fisi, kisha wanatoka na mikuki kulipiza. Wakaanza kuzungushia maboma yao kuta hai: miti inayopandwa ikaota, na wavu wa chuma umeshonwa katikati. Mifugo inalala ndani, simba anazunguka nje, anaondoka. Mikuki ikapungua kazi. Ikiwa ukuta unamzuia simba, basi kanu hatatushinda.

Banda linalotufaa ni hili. Nguzo 4 za mkaratusi, zimesimama juu ya ardhi kiasi cha kiuno cha mtu mzima. Juu yake sakafu ya mianzi au fito, zimeachana unene wa kidole, ili mavi ya kuku yadondoke chini na sakafu ibaki kavu. Ukuta ni wa fito pia, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha nafasi ya kupita ngumi kwa ajili ya hewa. Pale panapopita ngumi, kanu anapita. Nafasi isizidi vidole viwili, na afadhali kimoja na nusu. Wavu wa kuku peke yake hautoshi, unaliwa na kutu na mnyama mwenye njaa anauchana. Paa lizibwe mpaka kwenye kona, kwa kuwa kanu ni mpandaji hodari na huanza kutafuta juu. Banda lisiwekwe chini ya mti wala lisigusane na paa la jikoni.

Kila nguzo ifungwe bati kuukuu kuizunguka, upana wa mkono mmoja, katikati ya urefu wake. Bati la debe la mafuta lililokunjuliwa linafaa. Kucha hazishiki kwenye bati, na panya, kanu na nyoka wengi wanarudi chini. Chini ya bati hilo funga kitambaa kilicholowa mafuta machafu ya injini, ambayo kila motari anamwaga bure, na kiloweshwe tena kinapokauka. Siafu hawakivuki. Majivu yamwagwe kuzunguka nguzo. Magugu yafyekwe hatua tano kila upande, kwa sababu mnyama wa usiku hapendi kuvuka mahali peupe. Ngazi ya kuku, kijiti chenye mikato, iondolewe kila jioni. Mlango uwe na komeo la mti linalozunguka na jingine la chuma, maana kanu anashindwa na la kwanza na mwizi anacheleweshwa na la pili. Banda lielekee dirisha la chumba cha kulala, ili komeo likiguswa lisikike.

Kuku hujifunza haraka. Wapewe punje kidogo za mahindi mlangoni mwa banda kila siku wakati ule ule, jua linaposhuka, na baada ya wiki mbili wataingia wenyewe kabla hujawaita. Mtoto awahesabu wakiingia. Fito za kulalia ziwekwe ndani ili asilale hata mmoja wao chini. Mavi yanayodondoka yakusanywe na kupelekwa kwenye sombe na migomba.

Wapo watakaosema: sisi tunawalaza kuku jikoni, au chini ya kitanda, na hakuna kanu aliyewahi kuwafikia. Tunaelewa sababu yao, ambayo ni mwizi. Lakini mtoto anayetambaa kwenye sakafu ya mavi ya kuku anaharisha, na mtoto anayeharisha mara kwa mara hakui vizuri. Mwaka 2017 mafua ya ndege yaliripotiwa Ituri, kando ya Ziwa Albert, si mbali nasi. Mtu na kuku wasivute hewa moja usiku kucha. Banda la nje lililofungwa vizuri linawatenganisha.

Vifaranga wana adui wa mchana. Katika ufugaji wa kuku wa kienyeji Afrika, ni kawaida nusu ya vifaranga au zaidi wafe kabla ya wiki ya 8, na mwewe ana fungu lake kubwa. Mabibi zetu walikuwa na tenga la mianzi linalofunikwa juu ya kuku na watoto wake, maji na chakula ndani, mchana kutwa kwa wiki 4 za kwanza. Tenga hilo sasa limebaki kubebea nyanya. Lirudi uani. Jambo hili linahitaji mikono ya mtu anayejua kusuka, na wazee wanaojua bado wapo Mangina na Aloya.

Mbwa na paka nao wamo. Mbwa mzuri ni mlinzi kuliko taa yoyote, mradi alale karibu na banda na awe amezoeshwa kukaa na kuku tangu mdogo. Mbwa anayefungwa kamba fupi mchana kutwa na kuachwa bila chakula jioni atakwenda kutafuta kuku wa jirani, na hapo ugomvi wa majirani unaanza. Watoto wa mbwa na wa paka walale ndani; chatu hachagui. Paka anayelishwa anawinda panya kuliko vifaranga.

Lakini mbwa anayepigana na wanyama wa pori lazima achanjwe kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, tiba hakuna. Ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakatika. Mtu akiumwa, na mbwa au na mnyama wa pori, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 zilizotimia, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kutafuta chanjo. Pilipili, mafuta na majani ya kubandika havitibu.

Sasa tuje kwa wakubwa, kwa kuwa si kila kitu ni juu ya mama na misumari yake. Mashirika yanayosaidia waliorudi kutoka ukimbizini hupenda kugawa kuku. Picha inapendeza: mama ameshika jogoo, bango liko nyuma. Lakini kuku watano waliogawiwa kwa nyumba isiyo na banda na isiyo na chanjo watalala juu ya kuni jioni ile ile. Wa kwanza ataliwa na fungo, wengine watakufa kwa mdondo, na ripoti itakuwa imeshaandikwa. Tunadai utaratibu ugeuzwe. Fedha za kwanza ziende kwenye misumari, mabati na fundi mmoja wa kijiji atakayeonyesha mfano. Za pili ziende kwenye chanjo. Kuku waje mwisho, na wapewe anayeonyesha banda lililosimama.

Kuhusu chanjo, mdondo unaua kuku wengi kuliko wanyama wote tuliowataja. Ukiingia kijijini unaweza kuacha kuku wachache wa kuhesabu kwa vidole. Chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Australia na ambayo Tanzania inajitengenezea, inavumilia joto kuliko za zamani. Ni tone moja katika jicho moja la kuku, na inarudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Mwanamke aliyefundishwa asubuhi anaweza kuchanja kuku wa kijiji kizima kabla ya giza. Tusiambiwe kwamba barabara ni mbaya na baridi haipo. Chanjo ya Ebola ilihitaji baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, na ilianza kutolewa Mangina tarehe 8 Agosti 2018, wiki moja tu baada ya mlipuko kutangazwa. Walioifikisha walitaka ifike. Tone la kuku linasafiri katika kasha dogo la barafu kwenye pikipiki, na mpaka wa Uganda pale Kasindi uko karibu kuliko Kinshasa.

Butembo tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye kitivo cha tiba ya mifugo. Wanafunzi wake wanatafuta mahali pa kujifunzia kazi, na Mabalako inatafuta wachanjaji. Huduma ya mifugo ya teritwari ya Beni iwakutanishe. Iwepo ratiba inayojulikana, mara tatu kwa mwaka, itangazwe kanisani, msikitini na redioni kwa Kiswahili na Kinande, na siku hiyo hiyo mbwa nao wachanjwe. Pale ambapo usalama hauruhusu msafara, wafundishwe wanawake wawili kwa kila kijiji na waachiwe vifaa. Ada ndogo kwa kila kuku itawalipa, na mama anayejua kuku wake hatakufa hatagoma kuilipa.

Kwa mashefu wa vijiji tuna ombi moja: jengeni banda la kwanza uani kwenu, watu waje kulitazama. Kwa vijana wa pikipiki: mafuta machafu msiyamwage mtoni, wapelekeeni mama zenu. Na kwako wewe unayesoma leo jioni, kabla ya kugeuza ukurasa toka nje kukiwa bado na mwanga, tia vidole viwili kwenye kila ufa wa banda la kuku wako, na ule unaovipitisha uzibe kesho asubuhi.